Ua wa miti, seng'enge, wavu au ukuta: uzio upi kwa ploti yako Kajiado?

Siku nilipoanza kuzungushia ploti yangu nje ya Isinya, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, fundi aliniuliza swali moja tu: "Tufuate hii waya ya jirani?" Nikamwambia tufuate. Nguzo za upande mmoja zilikuwa zimeshasimama pale mzee anayechunga mbuzi maeneo yale alipopita, akatusalimu, akabaki ameegemea fimbo yake akitazama kazi. Baadaye akaniita kando. "Njoo uone, kijana wangu." Akakitenga kichaka kwa fimbo, akakwangua udongo kwa akala yake, na chini yake pakatokea kichwa cha bikoni, ile alama ya mpaka ya wapima ardhi: saruji kuukuu yenye chuma katikati. Kilikuwa hatua mbili kamili ndani ya upande niliodhani ni wangu. Nilikuwa ninajenga kwenye shamba la mtu.

Tuling'oa nguzo zote siku hiyo hiyo. Zilikuwa za mbao, tena hazijajazwa zege, kwa hiyo hasara ilikuwa jasho na malipo ya siku moja. Tangu hapo, mtu akiniuliza ajenge uzio wa aina gani huku kwetu, simjibu kabla sijamuuliza kama ameziona bikoni zake kwa macho. Jibu lake ndilo linaloamua nusu ya mambo.

Aina zinazowachanganya watu wengi Kajiado ni nne: ua wa miti hai, seng'enge kwenye nguzo, wavu wa waya ule ambao madukani wanauita cheni-linki, na ukuta wa mawe. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile. Kwanza, sheria na kibali: kaunti na msajili wa ardhi wanadai nini. Pili, gharama kwa urefu wa mpaka. Tatu, matunzo kadiri miaka inavyopita. Nne, jirani na wanyama, maana huku wanyama ni jambo zito. Mwisho, wepesi wa kusahihisha ikiwa mstari umekosewa. Hiki cha mwisho wauzaji wa vifaa hawakitaji kamwe, nami nakipa uzito kuliko vyote.

Yanayohusu kila uzio, uwe wa miti au wa mawe

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ina jambo ambalo wanunuzi wengi wa ploti hulijua wakiwa wamechelewa. Isipokuwa mpaka uwe umepimwa na kuandikwa kuwa ni wa kudumu, ramani iliyoko kwenye ofisi ya ardhi inaonyesha mpaka kwa makadirio tu. Mashamba mengi ya vijijini Kenya yako katika hali hiyo. Maana yake ni kwamba kilichopo ardhini, yaani ua wa zamani, mtaro, jiwe au mti, kina uzito mkubwa ugomvi unapozuka. Kuhusu ugomvi wenyewe, mahakama haiwezi kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili wa ardhi hajauamua mpaka huo. Msajili huja na mpima ardhi, majirani wakiwa wamejulishwa, na mpaka unaamuliwa palepale shambani. Ndipo asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Sheria hiyo pia inamtaka kila mwenye ardhi atunze alama za mpaka wake, iwe ni ua, ukuta, mawe au bikoni. Msajili anaweza kuamuru kwa maandishi ni jirani yupi atakayetunza alama ya mpaka wa pamoja. Na kung'oa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vibarua wakiambiwa wafyeke ua mkongwe "ili tuweke kitu kizuri", kumbe ua huo ndio ushahidi pekee wa mstari.

Kuna pia miaka 12. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, mtu aliyekalia ardhi yako ya kibinafsi waziwazi, mfululizo na bila ruhusa yako kwa miaka 12 anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Uzio ni miongoni mwa vitu vinavyotazamwa sana katika kesi za namna hiyo. Ukijenga ndani ya mpaka wako na kuacha ukanda nje, zungumza na jirani, mwandikiane, kila mmoja abaki na nakala.

Upande wa kaunti, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna uendelezaji bila kibali, na maana ya uendelezaji humo ni pana: kufanya kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inamlinda mwombaji pia. Ukiwasilisha maombi yako sawasawa, siku 60 zikapita bila jibu la maandishi, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Tunza risiti yenye muhuri na tarehe, kwa sababu ndiyo itakayozungumza siku hizo zikitimia. Ukinyimwa, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti.

Mahali pawili hapafai uzio wa aina yoyote. Pa kwanza ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara: ukiingiza nguzo humo utavunjiwa, na kipimo cha kufuata ni upana ulioandikwa kwenye ramani. Barabara yenyewe inaweza kuwa kijia cha mita tatu huku ramani ikisema mita 9. Pa pili ni ukingo wa mto, ambako kanuni za maji zinaacha ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na upana wa mto. Usidanganyike na makorongo yetu makavu. Uzio uliokatisha korongo hubeba magogo na matakataka ya mafuriko ya kwanza, kisha huondoka nayo.

Ua wa miti hai

Huku miti inayotumika sana ni kayaba na minyaa. Kayaba asili yake ni kusini mwa Afrika. Ina miiba mirefu, na ikishikana vizuri hata mbuzi hapiti. Minyaa huoteshwa kwa kuchomeka vipande ardhini na huvumilia ukame kuliko karibu kila kitu, ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Nyumba yenye watoto wadogo ilifikirie hilo kwa makini.

Kwa sheria, huu ndio uzio usio na usumbufu mwingi. Hakuna msingi wala michoro ya kupeleka kaunti. Lakini ukishakua unakuwa alama ya mpaka kama alama nyingine, pamoja na wajibu wote nilioutaja. Panda nusu mita ndani ya mstari wako, kwa sababu mche mwembamba wa leo utakuwa kichaka cha upana wa mita baada ya miaka michache, na matawi yanayovuka mstari ndiyo yanayoanzisha maneno na jirani.

Gharama yake ni ndogo kwa pesa, kubwa kwa subira. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa mita 91 hivi. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 30 unahitaji miche kama 300. Eka moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254, nayo itataka miche kama 850. Kisha hesabu miaka mitatu hivi kabla kayaba haijaziba, na maji ya kumwagilia misimu miwili ya kwanza. Katika nyanda za Kajiado, ambako maji hununuliwa kwa mitungi au kwa lori, bei ya maji inaweza kuipita bei ya miche mara kadhaa. Watu wengi hupanda, huenda zao Nairobi, wakirudi mbuzi wameshamaliza.

Matunzo ni kupogoa mara mbili kwa mwaka, bila kukosa. Jirani huupenda kwa kivuli na upepo, ndege hujenga viota humo. Kusahihisha ni rahisi mwaka wa kwanza, kazi nzito mwaka wa tano.

Unamfaa anayeishi palepale, mwenye maji, na asiye na haraka.

Seng'enge kwenye nguzo

Ndiyo uzio wa haraka kuliko yote. Mafundi wawili na kibarua mmoja wanaweza kumaliza ploti ndogo kwa siku mbili. Kwa eka moja ya mraba, ukiweka nguzo kila baada ya mita tatu, utahitaji nguzo kama 85, na kwa nyuzi tano ni zaidi ya mita 1,250 za waya. Seng'enge huuzwa kwa uzito wa roli, na roli mbili zenye kilo sawa zinaweza kutofautiana urefu kwa sababu ya unene wa waya. Muulize muuzaji mita.

Hapa ndipo ukubwa wa ardhi unapobadilisha hesabu. Eka moja ni karibu mara tisa ya ploti ya futi 50 kwa 100, lakini mzunguko wake hauzidi mara tatu. Kadiri ardhi inavyokua, uzio wa waya unakuwa nafuu kwa kila eka, ndiyo maana mashamba makubwa karibu yote yana seng'enge.

Kuhusu kibali, nguzo na waya za shamba hazichunguzwi kama ukuta, ila kwa kuwa maana ya uendelezaji ni pana kiasi kile, pita ofisi ya mipango na nakala ya hati na ramani kabla ya kuchimba. Ni kazi ya asubuhi moja. Ikiwa ardhi yako ni sehemu ya ranchi ya jamii chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, anza na mkutano wa jamii kabla ya kaunti.

Matunzo yako kwenye nguzo. Mkalitusi usiotiwa dawa huliwa na mchwa ukianzia pale unapokutana na udongo, na utaona nguzo imesimama vizuri mpaka ng'ombe ajikune. Nunua iliyotiwa dawa au ya saruji, na pembeni uweke mihimili ya kuegemeza, kwa sababu mvuto wa waya wote unaishia kwenye kona.

Sasa jirani na wanyama, jambo ambalo linanigusa sana. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, haina uzio upande wa kusini. Nyumbu na pundamilia walikuwa wakitoka humo kwenda nyanda za Athi na Kaputiei wakati wa mvua na kurudi kiangazi. Njia hiyo inapita Kitengela, na imezibwa kipande kwa kipande na watu kama mimi, kila mmoja akizungushia ploti yake kihalali kabisa. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kwa kila eka waliyoiacha wazi. Niliwahi kumkuta mtoto wa pundamilia amenasa kwenye uzi wa chini wa seng'enge, mguu umechanika mpaka mfupa unaonekana. Tulimtoa watu watatu. Aliondoka akichechemea na sikujua mwisho wake. Ukiwa karibu na njia ya wanyama, acha uzi wa chini uwe laini usio na miiba na uuinue juu kidogo ili wadogo wapite. Tena zungushia nyumba na shamba la mboga peke yake, uiache ardhi nyingine wazi. Wafugaji nao wana mapito yao ya kiangazi. Uliza wazee wa eneo njia ya kwenda kwenye maji ni ipi kabla hujaikata.

Kusahihisha mstari ni kazi ya siku moja, kama ilivyonitokea.

Inamfaa mwenye ardhi kubwa, aliyenunua karibuni, au asiye na hakika na mpaka.

Wavu wa waya

Wavu huzuia vitu ambavyo seng'enge haizuii: kuku, mbwa, watoto wanaopenda kutambaa. Roli la kawaida madukani lina mita 18, na urefu wa kwenda juu huanzia futi tano mpaka nane. Kwa ploti ya futi 50 kwa 100, ukitoa lango la futi 12, roli tano zinatosha kwa kubana. Nguzo ni kama 30. Unene wa waya hutajwa kwa geji: nene ni 12.5, nyembamba ni 16. Namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba, na wengi hununua kinyume wakidhani 16 ndiyo imara.

Kibali chake hakitofautiani sana na cha seng'enge, isipokuwa ukijenga msingi wa mawe chini ya wavu, kama wengi wanavyofanya ili mbwa wasichimbe. Msingi huo ni ujenzi wa kudumu, nao unaenda kwenye maombi. Gharama iko katikati ya seng'enge na ukuta. Matunzo ni madogo miaka ya mwanzo, kisha kutu huanza chini ambako nyasi hushika unyevu.

Kwa mifugo, wavu una sifa yake. Wamasai wanaopakana na mbuga wamekuwa wakiimarisha maboma ya miiba kwa wavu ili simba asiruke ndani usiku. Kitengela ndiko Richard Turere, akiwa bado mvulana, alikobuni taa za kuwakawaka zinazomfanya simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Wavu na taa pamoja kwenye zizi ni kinga nzuri. Lakini wavu kuzunguka eka nyingi huziba kabisa njia ya wanyama wadogo na wakubwa, kuliko hata seng'enge.

Kusahihisha: unafungua waya, unakunja wavu, unachimbua nguzo. Wavu unatumika tena.

Unaifaa familia inayoishi kwenye ploti ndogo au ya wastani, wenye kuku, na waliokwisha kuziona bikoni zao.

Ukuta wa mawe

Ukuta hutoa faragha na usalama ambao hizo nyingine haziwezi, na hauli muda wako kwa matunzo. Kwa ploti ya mita 91 za mzunguko na urefu wa mita mbili, hesabu takribani mawe 2,000 ya kukatwa kwa mashine, kabla hujagusa msingi, saruji, mchanga na lango. Watu hupiga hesabu ya mawe wakasahau kwamba msingi unaweza kumeza karibu pesa kama zile.

Kibali hapa hakina mjadala. Peleka michoro, hati, ramani na ada kama zilivyopangwa katika sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka huo. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti, udai risiti.

Mambo mawili ya kiufundi yanagusa sheria moja kwa moja. La kwanza: msingi ni mpana kuliko ukuta. Ukuta wa sentimita 20 unaweza kukaa juu ya msingi wa sentimita 60. Ukipanga uso wa nje wa ukuta sawa na mstari wa mpaka, sentimita 20 za msingi wako ziko chini ya ardhi ya jirani, naye akichimba siku moja atazikuta. Mwambie fundi apime mstari kutoka ukingo wa msingi. La pili: maji. Ukuta usio na matundu ya chini huwa bwawa, ukayasukuma maji ya mvua kwa jirani wa juu au wa chini.

Kisha udongo. Nyanda za Kitengela, Isinya na Kisaju zina udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ukuta uliosimamishwa juu yake bila kuchimba mpaka kwenye mwamba au muramu huonyesha ufa baada ya msimu mmoja. Ufa wenyewe hupanda kama ngazi, ukifuata viungo vya mawe. Nimesimama mbele ya ukuta wa namna hiyo na kuingiza vidole vitatu. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuupaka rangi mara mbili.

Wanyama hawapiti kabisa, na jirani anapoteza upepo na mandhari. Kusahihisha ni kubomoa. Anayegundua kwamba ukuta umevuka mpaka huishia kujadiliana bei ya kipande cha ardhi na mtu aliyekwisha kukasirika.

Unamfaa anayeishi kando ya mji au barabara kuu, mwenye mpaka uliopimwa, na bajeti ya msingi wa kweli.

Kwa hali yako

Umenunua ploti mwaka huu na hujajenga: leta mpima ardhi aonyeshe bikoni majirani wakiwepo, kisha weka seng'enge kwenye nguzo zisizo na zege. Baada ya mwaka mmoja bila malalamiko, jenga unachokitaka.

Unaishi Nairobi na unakuja mara moja kwa mwezi: sahau ua wa miti kwa sasa. Waya itakungoja.

Unaishi shambani na una maji: panda kayaba ndani ya seng'enge. Waya inalinda miche miaka mitatu, na wakati nguzo zinapooza ua umeshika kazi.

Una ng'ombe na mbuzi karibu na mbuga: tumia pesa kwenye zizi la wavu la usiku, uache malisho wazi.

Uko mjini Ngong, Kiserian au Ongata Rongai kwenye ploti ndogo iliyobanana: ukuta una maana, ukiwa na kibali. Ukishindwa na gharama ya msingi, ni afadhali wavu wenye ua mfupi ndani yake kuliko ukuta wa msingi hafifu.

Umerithi shamba lenye ua mkongwe, na ndugu wanataka kugawana: msing'oe chochote. Piga picha kila kona, andika urefu wa kila upande mkiwa pamoja na majirani, mwite msajili ikiwa hata mmoja ana shaka. Uzio mpya uende sambamba na ule wa zamani, na ule wa zamani ubaki umesimama mpaka hati za kila mmoja zitoke.